Bawa la Kushoto

Hulda alimtambua kwa kikohozi kabla hajamwona. Alikuwa ameinama nyuma ya mashine ya fotokopi akichomoa karatasi iliyonasa, na mikono yake ikasimama palepale ndani ya mashine. Kikohozi kile kifupi, cha mtu anayetaka kuingia mahali lakini hana hakika kama anatakiwa, hakuwa amekisikia mwaka mzima.

"Hodi," sauti ikafuata.

Moyo hauna adabu, jamani. Hulda alikuwa ameufunza wa kwake kutulia jina la Dionis linapotajwa, na ulikuwa umeshaanza kuelewa. Hodi moja tu ikaharibu kazi yote.

"Karibu," alijibu bila kuinuka. "Fotokopi au kuprinti?"

"Kuprinti. Ukurasa mmoja tu."

Akainuka. Dionis alikuwa amesimama kwenye mlango wa steshenari, koti lake la kijivu limelowa mabegani kwa manyunyu aliyotoka nayo Njombe. Alikuwa amekonda. Kifuani alikumbatia boksi la viatu kwa mikono miwili, kama mama anayempeleka mtoto mchanga kliniki.

"Kamwene," akasema.

Ilikuwa salamu ya kwao Uwemba. Hulda, mtu wa Makete aliyekulia Makambako kwenye maduka ya baba yake, alifundishwa kuiitikia na mdomo huohuo uliokuwa unamsalimia sasa. Zamani aliiitikia huku akicheka.

"Salama, mwalimu," alisema leo. "Karibu."

Aliona neno "mwalimu" lilivyompata. Akafurahi kidogo, halafu akajuta kufurahi.

Walikutana hapahapa. Dionis, mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya Njombe, alikuwa anapita Makambako na flashi yake akitafuta mahali penye karatasi ngumu. Ndani ya flashi kulikuwa na kurasa zilizojaa vipande vya ajabu, vyenye mistari ya kukata na mistari ya kukunja. Hulda alipouliza hiyo ni ramani ya nini, akaambiwa ni ndege. Ukikata, ukakunja, ukaunga kwa gundi, inasimama ndege. Hulda alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata Dionis alirudi na ndege yenyewe imetua kwenye kiganja chake, na kicheko kikaisha.

"Nifundishe," alisema Hulda siku ile.

Akafundishwa. Kukata kwa wembe mpya. Kupitisha kalamu iliyokwisha wino juu ya mstari kabla ya kukunja. Kutia gundi kwa kijiti cha meno, kidogokidogo, maana ikizidi karatasi inavimba. Baridi ya Juni ilipoingia na gundi ikagoma kukauka, waliweka jiko la mkaa chumba cha nyuma, wakawa wanavigeuzageuza vipande kama watu wanaochoma mahindi. Mapenzi yalianzia pale. Mmoja ameshika mkia, mwingine ameshika bodi, wanasubiri gundi ishike, hakuna anayeruhusiwa kuondoa mkono, na macho hayana pa kwenda.

"Umekuja kuprinti nini?" Hulda aliuliza.

Dionis aliweka boksi mezani, akafunua kifuniko.

Ilikuwa ndege yao. Ndege ya abiria ya injini mbili, mabawa juu ya bodi, mstari wa bluu ubavuni. Ila hii ilikuwa mpya, haina hata mkunjo, na ilikuwa na bawa moja tu, la kulia.

"Nimeijenga upya," Dionis alisema. "Yote, isipokuwa bawa la kushoto. Hilo nimeliacha makusudi. Nilitaka liprintiwe hapa. Na kama utakubali, Hulda, nilitaka ulikate wewe."

Hulda alinyoosha mkono akaichukua ndege, na vidole vyake vikaona jambo kabla ya macho. Ilikuwa nyepesi. Ilikuwa imekonda, kama mwenye nayo. Akaielewa mara moja, maana kazi hiyo alikuwa anaifanya kila siku: huko Dionis alikoprinti waliiacha mashine ijipunguzie ukurasa yenyewe, na kila kipande kikatoka kidogo kuliko kipimo chake. Kwa kuwa vyote vilipungua sawasawa, viliungana vizuri, na Dionis hakushtuka.

Akafungua mdomo amwambie, akaufunga. Akachungulia kwenye madirisha ya ndege.

"Viti umeweka?"

"Viti?"

"Vile viti vya ndani."

"Ah. Niliviacha. Havionekani, Hulda."

"Najua havionekani."

Vile viti yeye ndiye aliyeving'ang'ania. Dionis alimwambia bodi likishafungwa hakuna atakayeviona, naye akamjibu kwamba wao wawili watajua vipo, basi inatosha. Kimoja alikipaka wino mwekundu akasema hicho ni chake, cha dirishani. Hakuna kati yao aliyewahi kupanda ndege ya kweli. Waliahidiana wataipanda wakishafunga ndoa, hata kama ni ya kwenda mahali wasikokuwa na shughuli yoyote.

"Nimesikia Jumamosi wazee wa Ezekia wanakuja kwenu na posa," Dionis alisema taratibu.

"Umesikia vizuri."

"Umeshakubali?"

"Baba anasubiri neno langu leo, kabla hajafunga duka. Nikisema ndiyo, anawapigia. Nikisema hapana, anawapigia pia."

"Kwa hiyo bado."

"Kwa hiyo bado, Dionis."

Jina lake lilimtoka hivyo, halina "mwalimu" ndani yake. Wote wawili walilisikia. Dionis alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mimi ile siku naiota," alisema. "Naamka nimekunja ngumi."

Haikuwa lazima aseme siku gani. Dionis alikuja kwa mzee Amon, baba yake Hulda, kujitambulisha, amevaa suti, ameongozana na baba yake mdogo, Fidelis, kama msemaji. Hulda alikuwa ameiweka ile ndege juu ya kabati la televisheni, katikati kabisa, ili kila anayeingia aione. Alijua yatakayosemwa. Upande huu wangetaka ndoa ya Kilutheri, upande ule mama yake Dionis alikuwa ameapa hatakanyaga sherehe isiyoanzia parokiani. Alidhani ile ndege itasaidia. Alidhani watu wakiona kitu walichokijenga wawili, wataona mengine yote.

Mzee Amon aliiona, akauliza ni nini, akaambiwa.

"Karatasi?" Mzee alicheka kile kicheko chake cha dukani. "Mwanaume mzima, mwenye digrii yake, anakaa kukata makaratasi?"

Wazee wote wakacheka. Dionis naye akacheka, tena kuwazidi. Akainuka, akaishusha ndege kutoka kabatini, akasema, "Mchezo tu huu, mzee, wa kupoteza muda," na mbele ya watu wote akaifinya kwa viganja viwili, kama mtu anayekunja gazeti la kufungia maandazi, akaiacha idondoke chini ya meza. Baba yake mdogo alipiga makofi. Hulda alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliviona viti vikitoka kwenye bodi lililopasuka, kile chekundu kikabiringika mpaka kwenye kiatu cha baba yake.

Hakumwaga chai. Aliwahudumia wote, akarudi jikoni, na tangu hapo hakupokea simu ya Dionis.

"Nilitaka baba yako anione mwanaume," Dionis alisema sasa. "Nilifikiri ndicho anachotaka."

"Unataka kujua baba alisema nini mlipoondoka?"

"Sijui kama nataka."

"Nitakwambia tu, nimekibeba mwaka mzima." Hulda aliishusha ndege mezani kwa uangalifu. "Alikaa pale kwenye kochi. Baadaye akaniambia, 'Mwanangu, nilikuwa nimejiandaa kubishana naye habari za kanisa. Kumbe hakuna wa kubishana naye.' Akasema, 'Mimi nilicheka kwa sababu sijawahi kuona kitu kama kile. Angeniambia tu, mzee, hii tumeitengeneza na binti yako, naomba uiache, ningemwagizia chai ya pili tukazungumza mpaka jioni.'"

Dionis alifumba macho.

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

"Mungu wangu." Alikaa kwenye benchi la wateja, kichwa mikononi. "Mungu wangu, Hulda. Kumbe nilikuwa nimeshapita. Kumbe nilichotakiwa ni kuiacha pale ilipo."

Mwanaume akilia bila kelele, mwanamke anayempenda hana silaha. Hulda alizunguka meza. Alijiambia anakwenda kuzima feni, lakini feni ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, kwa baridi ile. Akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kuona mvi moja mpya juu ya sikio.

"Hilo nilikuwa sijakwambia kwa sababu nilikuwa na hasira," alisema. "Na hasira ikiisha mtu anabaki na aibu. Ningepokea simu hata moja, ungekuwa umeshalijua zamani."

"Kosa ni langu."

"Ni lako. Lakini kukaa kimya ni kwangu."

Dionis aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalimtazama vilevile kama zamani, gundi ilipokuwa ikigoma kukauka.

"Sitaona haya tena," alisema. "Sikiliza. Akiniuliza baba yako, akiniuliza mama yangu, akiniuliza askofu, nitasema. Hii ni kazi yangu na Hulda. Huyu ndiye mwanamke wangu, tutaoana kanisa lolote litakalotupokea. Nipe nafasi ya kusema hivyo mbele ya mtu, hata mmoja."

Hulda alihisi machozi yake mwenyewe yakija, akageuka haraka. Chini ya kaunta kulikuwa na droo, na ndani ya droo, ndani ya bahasha kubwa, kulikuwa na bawa la kushoto. Lile la kwanza, la kipimo kamili. Siku ile lilichomoka kabla bodi halijafinywa, likateleza nyuma ya kochi, akaliokota wakati wa kufagia. Mara ngapi alitaka kulitupa, yeye mwenyewe hajui.

Akayawaza yote kwa mara moja. Atalitoa. Ataliweka kando ya hii ndege iliyokonda, Dionis ataona tofauti, watacheka kwa mara ya kwanza baada ya mwaka. Halafu watachapa kurasa zote upya, kipimo chake, viti na vyote. Atampigia baba yake kabla hajafunga duka, amwambie hapana. Mkono wake ulikuwa umeshashika droo, na droo ilikuwa imeshafunguka kidogo.

"Wenyewe humu?"

Mama mmoja mnene aliingia akikung'uta mwavuli, kitenge cha kigango kimefungwa juu ya sweta. Alimwona Dionis, uso ukachanua.

"Eh! Dionis! Tumsifu Yesu Kristu!"

"Milele amina." Dionis alisimama upesi kama mwanafunzi. "Shikamoo, mama Flora."

"Marahaba, baba. Unafanya nini Makambako siku ya kazi? Mama yako anajua uko huku? Jana tu tulikuwa naye kwenye jumuiya, ananiambia Dionis siku hizi haonekani." Alimpa Hulda kitambulisho cha kunakili bila kumtazama sana, halafu macho yake yakatua mezani. "Na hicho kidude ni nini? Ndege?"

Hapa ndipo mahali, Hulda aliwaza. Huyu hapa mtu mmoja uliyemwomba. Sema.

"Ah, hii?" Dionis alicheka. Kilikuwa kicheko kilekile. "Ya wanafunzi hii, mama. Makaratasi tu. Nimekuja kuwaprintia kitu, huyu dada ananisaidia."

Na mkono wake, wenyewe, bila kutumwa, ukaivuta ndege, ukairudisha kwenye boksi, ukafunika.

Hulda aliirudisha droo ndani. Haikutoa sauti. Alinakili kitambulisho cha mama Flora mbele na nyuma, akampa na asante. Mama Flora akaaga, akamwagiza Dionis apite kwa mama yake, akafungua mwavuli, akaenda zake.

Duka lilibaki na mlio wa mashine peke yake.

"Hulda," Dionis alisema.

"Lete flashi."

"Hulda, yule angempelekea mama kabla ya jioni. Nilitaka mama asikie kwangu kwanza. Nilitaka..." Hakumaliza. Alilitazama boksi lililofunikwa, akautazama mkono wake uliokuwa bado juu ya kifuniko, na Hulda aliona jinsi rangi ilivyomtoka usoni. "Nimerudia."

"Ndiyo."

"Hata sikufikiri."

"Najua hukufikiri, Dionis. Ungefikiri ningekuwa na hasira." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimuumiza Dionis kuliko kelele. "Zamani nilidhani ulifanya vile kwa kumwogopa baba. Kumbe ndivyo ulivyo tu. Sikulaumu. Lete flashi."

"Usinichapie. Niache nirudi kesho, nitakwenda kwa mama leo hii hii, nitamwambia..."

"Umekuja kutafuta bawa. Nitakupa bawa."

Akachomeka flashi. Alipoufungua ukurasa, bawa la kushoto lilitokea kwenye kioo, jeupe na mstari wake wa bluu. Hulda alifunua boksi, akaweka rula juu ya bawa la kulia la ile ndege iliyokonda, akapima. Kisha akaingia kwenye mpangilio wa mashine na kupunguza kipimo, akapima tena, akapunguza kidogo tena, mpaka likawa sawa na lile. Dionis alidhani anahakikisha. Hulda hakumwambia. Ya nini kumwambia mtu kwamba kitu alichokijenga kwa mwaka mzima hakijafika kimo chake?

Karatasi ikatoka, ngumu, ya moto bado. Hulda alichukua wembe mpya, akaikata mwenyewe, kona kwa kona, maana hilo ndilo alilokuwa ameombwa. Akapitisha kalamu kavu kwenye mikunjo. Alipomaliza alilishikiza bawa ubavuni mwa ndege bila gundi, na likakaa barabara.

"Limeingia," Dionis alisema.

"Gundi unayo nyumbani. Usiisogeze sana kwenye moto."

"Lile la zamani lilikwenda wapi? Siku ile niliokota vyote chini ya meza, hilo sikuliona."

Hulda alimtazama machoni. Ulikuwa mtazamo mrefu, wa mtu anayeaga, na ndani yake kulikuwa na baridi zote za Juni walizokuwa nazo na zote ambazo hawatakuwa nazo.

"Lilifagiliwa," alisema.

Dionis alilikumbatia boksi kifuani. Mlangoni alikohoa, kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akatoka kwenye manyunyu.

Hulda alizoa mabaki ya karatasi mezani, ndipo akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nakusikiliza."

"Waje Jumamosi."

"Una hakika? Mimi sikulazimishi."

"Waje, baba."

Baada ya simu alifungua droo, akatoa bahasha, akatoa bawa. Lilikuwa limepauka kidogo ukingoni, lakini halijapinda. Aliliweka kwenye kiganja, likapita ncha za vidole, kubwa na zuri, na hakuna ndege ya kulivaa duniani. Ndipo akalia, akiwa amekaa chini nyuma ya kaunta ambako wateja hawaoni, akamlilia Dionis, akalilia na kile kiti chekundu. Kama angekuja mwaka mmoja kabla! Kama mama Flora angenakili kitambulisho chake duka jingine, au angekawia dakika chache tu!

Hakusikia miguu. Ezekia alikuwa ameshaingia kumsindikiza nyumbani, mpole kama kawaida yake, akipangusa viatu mlangoni ili asimchafulie sakafu. Alikuwa kijana wa kwaya yao, muuza mbao, mtu asiye na neno baya na mtu.

"Bwana Yesu asifiwe. Upo chini huko?"

"Amina. Nimeangusha kitu." Hulda alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akasimama.

Ezekia alitabasamu. Macho yake yakashuka mkononi mwa Hulda.

"Hicho nini?"

Hulda alikuwa na majibu mengi. Alikuwa nayo yote, kwa utaratibu, tangu siku ya kwanza mpaka leo, na mbele yake alisimama mtu mwema ambaye pengine angeyasikiliza.

"Karatasi tu," alisema, akacheka kidogo. "Mabaki ya kazi ya mteja."

Alikisikia kicheko chake mwenyewe. Alikijua kilipotoka.

Ezekia, mtu msafi, alilichukua bawa kutoka kiganjani mwake kwa vidole viwili, taratibu, akaenda nalo mpaka kwenye boksi la takataka kando ya mashine, akalitumbukiza.

"Twende basi," alisema. "Mvua inaongezeka."

Hulda alichukua funguo, akazima taa.